Dawa ya Deni ni Kujibu

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na kwa mwenye afya, kazi na mahali pa kulala sina neno la kuwapinga. Lakini msemo huo haukumfikiria mtu anayedaiwa akiwa mgonjwa na nyumba ameshafungiwa. Kumwambia huyo alipe ni kama kumwambia apone. Nimelijua jambo hili kwanza kwa kudaiwa, kisha kwa kusoma majalada ya kesi za watu wengine, na rai niliyobaki nayo ni hii: hapa Kenya, kinachommaliza kortini mgonjwa asiye na makao mara nyingi ni kimya chake kuliko deni lenyewe. Kimya hicho huletwa na ugonjwa na kukosa makao, halafu korti hukichukua kuwa amekiri. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mdaiwa wa aina hii ni kujibu, hata kabla hajaanza kutafuta pesa. Na kazi ya kwanza ya korti, kabla ya kumhukumu, ni kuuliza alikuwa wapi. Yaliyonipata mimi sitayasimulia. Masaibu ya mtu mmoja humtoa msomaji machozi kisha akafunga gazeti, nami nataka aone sheria inavyotembea.

Tuanze na samansi. Kwa Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, mdaiwa anapaswa kukabidhiwa samansi mkononi. Asipopatikana, anaweza kupewa mtu mzima wa familia yake anayeishi naye. Na mpelekaji akishatafuta vya kutosha bila kufaulu, ana ruhusa ya kuibandika kwenye mlango wa nje wa nyumba ambamo mdaiwa huishi kwa kawaida au hufanyia kazi. Mwaka 2020 kanuni ziliongeza njia mbili: barua pepe, na ujumbe wa simu kupitia programu kama WhatsApp, kwa namba ya mwisho ambayo mdaiwa anajulikana kuitumia. Aliyetuma akipata taarifa kwamba ujumbe umefika, samansi huhesabiwa imepokelewa. Kila njia kati ya hizi ina sharti ambalo halikuandikwa: uwe na mlango, au jamaa unayeishi naye, au laini ambayo bado ni yako. Asiye na makao amepoteza mojawapo, na mara nyingi zote. Simu huuzwa ili dawa zinunuliwe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mteja mwingine, na huyo mgeni ndiye atakayepokea ujumbe wa korti na kuufuta akidhani ni matapeli.

Tazama mlango wa chumba cha kupanga katika ploti ya Nairobi baada ya kodi kukosekana miezi miwili. Ni wa chuma. Juu kuna kufuli la mpangaji, chini yake kufuli jipya la mwenye nyumba, na katikati karatasi yenye muhuri wa korti iliyobandikwa kwa selotepu. Ndani kuna mkataba wa mkopo, risiti za awamu alizokwisha kulipa, kadi ya kliniki na cherehani aliyokuwa akiitegemea. Mwenyewe yuko wodini, au analala sebuleni kwa dada yake Kitengela. Kwenye jalada itaandikwa kwamba samansi ilimfikia. Hata angeipata, ushahidi wake umefungiwa pamoja na vyombo. Ni kweli kwamba sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inampa mwenye nyumba haki ya kumtuma dalali mwenye leseni akamate mali ya mpangaji bila kwenda kortini kwanza. Kufuli ni jambo jingine; kumfungia mtu nje na karatasi zake si kukamata mali. Ila nani atakwenda kulalamika, na kwa nauli ipi?

Kisha siku huanza kuhesabiwa. Muda wa kuitikia wito huandikwa kwenye samansi yenyewe na haupungui siku 10. Akishaitikia, mdaiwa ana siku 14 za kuwasilisha utetezi. Muda ukipita kimya, na dai likiwa la kiasi kilichotajwa wazi, mdai huomba hukumu na kupewa. Haitwi shahidi. Haulizwi mtu kama riba imepigwa hesabu sawasawa. Kinachotakiwa ni kiapo cha mpelekaji kwamba samansi ilifika. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufungua milango Milimani Aprili 2021, ina mbio zaidi: husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kumaliza kila shauri ndani ya siku 60 tangu lilipofunguliwa. Kwa mtu mzima wa afya siku 60 zinatosha. Mgonjwa wa kifua kikuu humaliza miezi miwili akiwa katika awamu ya kwanza tu ya dawa, na ana minne mingine mbele. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo hulala kwenye mashine mara mbili kwa wiki, na siku inayofuata hana nguvu za kupanga foleni ya saiba ili afungue mfumo wa korti wa mtandaoni. Na kuna sonona, ambayo haina kovu wala bomba la kumwonyesha hakimu, lakini ndiyo humfanya mtu azipange bahasha chini ya godoro bila kuzifungua. Wanaomwona humwita mkaidi. Shauri laweza kufunguliwa na kuamuliwa kabla yeyote kati ya hawa hajaweza kupanda matatu mwenyewe.

Mtu atasema: kama kweli anadaiwa, kujibu kutamfaa nini? Pesa zililiwa, na zirudi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Jibu langu ni kwamba kudaiwa ni swali moja na kudaiwa kiasi gani ni swali jingine. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinaizuia benki kudai riba inayozidi mtaji uliokuwa umebaki siku mkopo ulipoharibika. Aliyekwama akiwa amebakiza shilingi 80,000 hawezi kudaiwa riba ya zaidi ya 80,000 nyingine, ukiacha gharama za kulifuatilia deni, hata ipite miaka mingapi. Korti inayohukumu dhidi ya kiti kitupu haina wa kuikumbusha hilo. Tena deni la mkataba lina umri wake: mdai ana miaka 6 ya kushtaki, na ukomo huo lazima mdaiwa mwenyewe autaje katika utetezi wake, asipoutaja umempita. Hapa naweka onyo, maana ushauri wa kirafiki huumiza. Jamaa watamwambia atume angalau shilingi 500 kuonyesha nia njema. Sheria ya ukomo inasema malipo kidogo, au maandishi ya kukiri deni, huanzisha hesabu ya miaka upya. Nia njema hiyo yaweza kumrudisha mwanzo wa safari, na yeye akadhani amepiga hatua.

Tuseme sasa deni lote ni halali na hesabu haina kasoro. Hata hapo kujibu kuna faida, na nadhani hapa ndipo watu wengi hawajui wanachokipoteza. Kanuni zinairuhusu korti kuagiza deni lilipwe kwa awamu, kwa kadiri ya kipato. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinazikinga na mnada nguo, sufuria, kitanda na matandiko, vifaa vya kazi, na theluthi mbili za mshahara. Ile cherehani nyuma ya mlango wa chuma imo katika kinga hiyo. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 imeweka utaratibu wa mtu asiye na mali yoyote ya kuuzwa, mwenye madeni yasiyopungua shilingi 100,000 wala kuzidi 4,000,000: akikubaliwa na Mpokeaji Rasmi, wadai wanaohusika hawawezi kumfuata, na baada ya miezi 12 huondolewa mzigo wa madeni hayo. Ni njia inayostahili kutangazwa vituo vya matatu, lakini utamkuta wakili mzima ambaye hajawahi kuitumia. Hakuna hata kinga moja kati ya hizi inayojiamsha. Dalali anayeingia na orodha yake hatasimama kusoma kifungu cha 44 asipokuwepo mtu wa kumsomea, na mwenye cherehani akirudi miezi baadaye ataambiwa ilishauzwa.

Jambo hili liko wazi kuliko pengine popote katika kifungo cha madai. Sheria bado inaruhusu mdaiwa afungwe hadi miezi 6, na mdai ndiye hugharimia chakula chake huko ndani, kwa hiyo aliyekosa pesa zake huongezewa bili ya ugali. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba kunakwenda kinyume na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972. Mwaka 2012 marehemu Jaji David Majanja aliliangalia kwa jicho jingine: kifungo cha madai hakivunji Katiba chenyewe, mradi masharti yake yafuatwe, ikiwamo kumpa mdaiwa nafasi ya kueleza kwa nini asifungwe. Majaji hawa hawakukubaliana, lakini mdaiwa mgonjwa anapata funzo lilelile kwa wote wawili. Sheria inataka kumtenga aliyeshindwa kulipa na aliyekataa kulipa. Tofauti hiyo hujitokeza pale mtu anapofika mbele ya hakimu akasema sina, na hizi hapa karatasi za hospitali, na hapa ndipo ninapolala. Asipofika, aliyeshindwa hafahamiki tena na aliyekataa. Notisi ya kueleza kwa nini asifungwe nayo, bila shaka, hupelekwa kwenye ule ule mlango.

Wapo watakaosema kwamba nafungulia waongo mlango. Kila karani wa korti anawajua wadaiwa ambao huugua siku ya kesi na kupona jioni yake, na hakimu aliyekwisha kudanganywa mara nyingi hana budi kuwa mgumu. Nakubali kwamba waongo wapo. Ndiyo sababu namsihi mgonjwa wa kweli aache kuomba huruma alete tarehe. Uamuzi mmoja wa mwaka 1967, ambao mawakili wa hapa huutaja karibu kila wanapoomba hukumu itenguliwe, ulisema uhuru wa korti wa kutengua upo ili kuzuia dhuluma inayotokana na ajali, kupitiwa, au kosa linalosameheka, na haupo kwa ajili ya aliyekusudia kukwepa au kuchelewesha haki. Kipimo hicho kimesimama imara kwa zaidi ya nusu karne, na hati za hospitali zimekaa kana kwamba ziliandikwa kwa ajili yake. Hati ya kuruhusiwa kutoka wodini ina tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Kiapo cha mpelekaji samansi kina tarehe ya kubandika. Zikiwekwa pamoja juu ya meza, ama zinaoana au hazioani, na mwongo hawezi kuzisogeza. Mdaiwa akionyesha kwamba samansi haikupelekwa inavyotakiwa, hukumu huondolewa kama haki yake. Kama ilipelekwa sawasawa lakini ana sababu na ana hoja ya kusikilizwa, korti ina hiari ya kumrudishia nafasi. Machozi peke yake hayatamfikisha popote kati ya hapo.

Jibu lenyewe halihitaji ufasaha. Linahitaji kuwahi. Ukurasa mmoja unaosema kiasi gani kinakubaliwa na kipi kinapingwa, kwa nini, na mdaiwa anaweza kupatikana wapi, unafanya kazi kubwa kuliko utetezi wa kurasa ishirini uliofika baada ya hukumu. Hapo kwenye anwani pana kichekesho kichungu: hata fomu ya kuitikia wito inataka anwani ya kupokelea hati. Asiye na makao aandike sanduku la posta la ndugu, au la kanisa au msikiti unaomfahamu, na barua pepe anayoweza kuifungua hata kwenye simu ya kuazima, mradi anwani hiyo isibadilike. Kama hawezi kusimama mwenyewe, sheria ya Mahakama ya Madai Madogo inamruhusu kuwakilishwa na mtu aliyempa idhini, ilimradi korti iridhike kwamba mtu huyo anaijua kesi na ana mamlaka ya kumfunga kwa maneno yake. Mwakilishi huyo si lazima awe wakili. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo tangu mwaka 1973, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya serikali inayogusa kesi za madai pia. Foleni zake ni ndefu. Karatasi moja iliyowahi kuingia kwenye jalada humpa mtu muda wa kusubiri kwenye foleni hizo bila kuhukumiwa akiwa humo.

Sasa upande wa mdai, ambao wanaoandika kuhusu umaskini huupita haraka. Si kila mdai ni benki. Yupo mweka hazina wa chama aliyekopesha pesa za wenzake kumi na watano, na yupo mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu. Mahakama yenye siku 60 ilijengwa kwa ajili ya watu hao, baada ya miaka ya kesi kuahirishwa hadi deni linakuwa dogo kuliko nauli za kulifuata. Kuwaambia wangoje mdaiwa apone ni kuwahamishia ugonjwa wake. Hoja hii naiheshimu, na sehemu yake sina jibu nayo: kuna nyakati mjane huyo hatalipwa, lije jibu lisije. Lakini hukumu iliyopatikana dhidi ya mtu asiye na mlango haimlishi. Atalipa ada ya kuikaza, atamlipa dalali, na dalali atarudi na kitanda ambacho sheria imekikinga. Mdaiwa aliyejibu na kusema anaweza kutoa shilingi 1,000 kwa mwezi kuanzia atakaporudi kazini ana thamani kwake kuliko hukumu ya 90,000 dhidi ya mtu asiyejulikana aliko. Tena hukumu iliyotolewa bila kusikiliza hubaki na ufa. Ikitenguliwa baada ya mwaka, mjane anaanza upya, na gharama alizokwisha kutumia hazirudi zote.

Kwa korti naomba kidogo. England na Wales, tangu Mei 2021, zina sheria inayompa mdaiwa aliyepitia kwa mshauri wa madeni siku 60 ambazo mdai hawezi kuongeza riba wala kukaza hukumu; aliye katika matibabu ya dharura ya akili hupewa muda wote wa matibabu hayo na siku 30 juu yake. Kuinakili hapa kesho haiwezekani, kwa sababu inategemea washauri wa madeni waliosambaa nchi nzima, nasi hatunao. Tulicho nacho ni Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na cha 159 kinazikataza korti kuweka ufundi wa taratibu mbele ya haki yenyewe. Tuna pia kiapo cha mpelekaji samansi. Tayari analazimika kuandika humo siku na saa aliyokwenda, namna alivyoipeleka, na nani alimwonyesha nyumba. Aongezewe mstari mmoja: je, nyumba ilikuwa inakaliwa siku hiyo, na nani alisema hivyo? Na anayetuma kwa WhatsApp aeleze mara ya mwisho mdaiwa alijibu lini kwa namba ile, badala ya kuonyesha tu kwamba ujumbe ulifika.

Watasema hilo litachelewesha kesi. Keateka wa ploti anajua kufuli la pili liliwekwa siku gani, kwa sababu mara nyingi ndiye aliyeliweka, na majirani wanajua mgonjwa alichukuliwa na gari la nani. Kuwauliza ni dakika tano. Majibu yao yakionyesha kwamba mtu hayupo, mdai hafungiwi njia: kanuni zina utaratibu wa kuomba idhini ya kupeleka samansi kwa namna nyingine, na hakimu anayeombwa idhini hiyo atakuwa amelazimika kusoma, kabla hajasaini chochote, kwamba nyumba ya mdaiwa imefungwa na kwamba mara ya mwisho alionekana akipelekwa hospitali.